Taa Zilizowaka Siku Nilizokwenda Tu

Kabla hujafungua boksi la taa, kaa kwanza uangalie watu wa nyumba ile wanavyoishi. Nasema nawe, kijana mwenye koleo mpya mfukoni na simu iliyojaa video za mafundi wa nchi zenye theluji. Mimi naitwa Faki, fundi umeme mstaafu. Magoti yangu yalistaafu mwaka mmoja kabla yangu, ngazi siipandi tena, na sasa nashinda hapa Konde dukani kwa shemeji yangu, nikiwacheka mnaopita na paneli kichwani mkidhani kazi ni kufunga tu. Kufunga hata mjukuu wangu anafunga. Kazi ni kujua kwa nini haiwaki.

Boksi nalo usiliamini. Limeandikwa wati mia tatu, ndani mna taa ambayo hata nondo akiiona anapita zake. Iwashe dukani, ifunike kwa mkono, itikise usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Muuzaji akikasirika, ondoka. Mwenye taa nzuri hakasiriki.

Kazi nilifundishwa Wete na Mzee Shaame, mtu mfupi, mkali, aliyependa maji ya kunywa kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Kila nyumba tuliyoingia, kabla hajagusa waya, aliomba maji. Nikadhani ana sukari. Siku moja nikajitia moyo nikamuuliza, akanikazia macho.

"Mjinga weye, mie sina kiu. Mtu akenda kukuletea maji wapata kujua ndoo yakaa wapi, nani apita wapi, na mtoto yupi atakuja kuuvuta waya wako. Kunywa maji, tumia macho."

Nilimcheka kwa siri. Baadaye nilipopata mita yangu ya kupimia umeme, yenye namba zinazowaka, niliacha kabisa kuomba maji. Niliona mita inanitosha. Nilikuwa mjinga mwenye kifaa, wanangu, na hakuna mjinga mbaya kama huyo.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilifunga taa za sola za uani karibu peke yake. Ndani ya nyumba watu walikuwa na umeme wa nguzo, lakini uani ndiko mwanamke anakopikia, anakofulia, anakovua mtandio akapigwa na upepo, na huko giza lilikuwa lile lile la bibi zetu. Sasa wakataka mwanga bila ya kuburura waya kwenye mvua. Nikafunga nyua za Wete, za Konde, za vijiji vya kaskazini, na kila ua ulinifundisha jambo kwa kunidhalilisha.

Kuna mzee wa Wete nilimwekea taa juu ya banda la kuku. Ilikuwa Ramadhani. Yule mzee alikuwa amemwambia imamu kwamba mguu unamuuma, tarawehe hataweza, kisha akafuturu akashiba akalala. Jogoo kuona mwanga akawika. Mzee akaruka kitandani, akala daku mbio mbio, akatia udhu, akakimbilia msikitini kwa alfajiri, na mguu wake mzima kabisa. Akawakuta watu bado wanasali tarawehe. Hakunisemesha mpaka Idi. Kwa hiyo taa iwe mbali na kuku, na iangalie chini, isimwangalie jirani.

Na kuna bibi mmoja aliniita kwa fahari nione alivyoitunza paneli yake. Aliisugua kila Ijumaa kwa majivu na kumbi la nazi, kama sufuria. "Tazama ilivyong'ara, Fundi!" Ilikuwa imechubuka kama goti la mtoto. Kitambaa laini na maji baridi, asubuhi, basi. Ncha za waya zipake grisi, maana hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Na taa nyeupe sana usiiweke karibu na jiko, ila kama mwenye nyumba anapenda pilau ya kumbikumbi.

Lakini nilichokalia kukuelezeni leo ni ua wa Bi Raya wa Tumbe, ambao nusura unitoe kwenye kazi.

Bi Raya alikuwa mjane, muuza dagaa, mwenye sauti inayofika Konde bila ya simu. Binti yake Maryam alikuwa anaolewa baada ya mwezi, na Bi Raya alikuwa ameutengeneza ua kwa ajili ya shughuli ya wanawake: ukuta kaupaka chokaa, sakafu kaipiga saruji, pembeni kapanda asumini. Kilichobaki ni taa. Akanifuata mwenyewe dukani.

"Fundi Faki, nataka ua ung'are mpaka wakwe wa mwanangu wakose la kusema."

"Watakosa, Bi Raya."

"Wakipata, ntakuja kulisema kwako."

Nikaenda na taa nne. Moja mlangoni, moja karibu na jiko, moja kwenye asumini, moja njia ya kwendea msalani. Paa la nyumba lilikuwa limezibwa na mfenesi wa jirani, kivuli mchana kutwa, kwa hiyo paneli sikuipeleka juu. Niliunda meza ya mbao mwisho wa ua, palipo na jua zuri, nikailaza pale kimo cha kiuno. Nikajisifu kabisa: Bi Raya ataweza kuifuta vumbi bila ya ngazi. Jioni ile taa zikawaka, watoto wa mtaa mzima wakaja kutazama, na mimi nikaletewa mkate wa kumimina nyumbani.

Baada ya siku mbili simu ikalia. "Taa zako zishakufa."

Nikaenda. Sasa, wengine mmekulia mjini, hebu nikukumbusheni. Fundi mwanamume haingii uani kwa mtu hivi hivi. Anasimama mlango wa mbele, anapiga hodi, anajibiwa "Ngoja hapo!", naye anageuza uso akaangalia njia. Huko ndani wanawake wanajifunika, nguo zinaanuliwa kambani, kinachostahiki kufichwa kinafichwa. Mimi nilikuwa na adabu zangu. Niliangalia njia nikasikia nyuma yangu miguu inakimbia, sufuria zinagongana, kitu kinaburutwa, kisha sauti tulivu kabisa: "Karibu, Fundi."

Nikakuta ua msafi, paneli inang'ara, jua linaipiga sawasawa. Nikaweka mita. Paneli nzima. Waya mzima. Betri ndiyo iliyokuwa tupu, nikasema basi hii betri mbovu, nikaibadilisha. Jioni zikawaka. Kesho yake zikafa.

Nikarudi. Hodi, ngoja, miguu, sufuria, karibu. Mita ikasema kila kitu kizima. Nikabadilisha kontrola, kile kidude kinachogawa umeme kati ya paneli na betri. Jioni zikawaka, kesho yake zikafa. Nikarudi mara ya tatu nikakaza kila skrubu. Mara ya nne nikakuta paka wa Bi Raya, mweupe mwenye doa sikioni, yuko juu ya paneli analamba kioo. Moyo wangu ukafurahi.

"Bi Raya, mwizi wako nimemkamata! Huyu paka ndiye anayeikalia paneli, jua halifiki."

"Ndie huyo huyo!" akasema, upesi mno. "Halali pengine ila hapo!"

Ule upesi wake ungenishtua kama ningekuwa na akili. Badala yake nikakata miba ya mlimau, nikaizungushia ile meza yote, nikaondoka najiona hakimu. Jioni taa zikawaka. Kesho yake zikafa, na nilipokwenda tena, miba haipo. Bi Raya akaniambia imechukuliwa na upepo. Miba ya mlimau! Nami nikakubali, nikatazama juu kana kwamba nitauona ule upepo.

Kufikia hapo harusi imebaki wiki moja, na Tumbe nzima ina maneno. Wakasema taa za Faki huwaka siku anayokuja Faki tu. Wakasema kuna kitu nakitia kwenye betri ili niitwe tena. Nyumba mbili zilizokuwa zimeniagiza zikaghairi, na fundi mwenzangu mmoja, simtaji, akapita akisema kwamba yeye taa zake hazihitaji kutembelewa kama mgonjwa. Jina la fundi, wanangu, ndilo duka lake. Nilikuwa nimeishi na jina zuri tangu ujana, na nikaliona linaniponyoka kwa sababu nisiyoijua. Usingizi ukaniruka.

Kisha maneno yakachukua njia nyengine. Mke wangu Saada aliyasikia mferejini anakoteka maji. Hakusema kitu mpaka nimeshiba.

"Faki, taa gani hiyo isowaka mpaka ukaitazame?"

"Ni hitilafu tu, mama watoto."

"Hiyo hitilafu yaitwa Raya?"

Nikaapa. Nikaapa tena. Saada akaniangalia nilivyotoka jasho, nadhani akaniamini, lakini raha ya kuniona naapa hakutaka iishe mapema. "Kesho ntakwenda mwenyewe," akasema.

Akaenda saa nne asubuhi. Na mwanamke, kama mjuavyo, hapiti mlango wa mbele. Anazunguka nyuma, anapiga hodi mguu mmoja ushaingia uani, na hakuna anayemfichia kitu. Saa sita akarudi na mfuko wa plastiki, akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga akacheka mpaka akapaliwa.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Menya muhogo kwanza."

"Saada, niambie."

"Muhogo, Faki."

Nikamenya kikapu kizima. Ndipo akaufungua ule mfuko. Dagaa. Wakavu, wanaolia mdomoni. "Onja," akasema. "Siku moja tu wamekauka hivo. Bi Raya asema tangu azaliwe hajaona chanja ya kuanikia kama ile uliyomletea. Kioo chapiga joto, mchanga haupandi, kuku hawafiki. Nimemkuta kaijaza mpaka pembeni. Asema laiti angepata na ya pili, ila wewe nisikwambie."

Nilikaa pale na kisu cha muhogo mkononi. Kitu kilicholala juani, kimo cha kiuno, cheusi, laini, chenye joto: hicho Tumbe hakiitwi paneli. Nilikuwa nimemuundia muuza dagaa chanja bora kuliko zote kisiwani, kisha nikamlaumu paka. Na kila nilipopiga hodi, yeye, mwanamke asiyekubali kupokea mgeni na dagaa wametapakaa, aliwakumba wote akawatia jamvini na kioo akakipangusa. Ndiyo ile miguu niliyoisikia. Siku hiyo paneli inapata jua hadi magharibi, taa zinawaka. Kesho yake dagaa wanarudi mahali pao. Adabu yake na adabu yangu zilikuwa zimeshirikiana kunificha hitilafu. Mita yangu ilikuwa ikisema kweli muda wote. Haikuwepo tu wakati wa uongo.

Hapa naomba wasichana wanisikilize. Siku hizi nawaona mafundi wa kike, na wapo wazee wenzangu wanaonuna. Mimi nawaambia yule msichana anaingia mlango wa nyuma, anaona chanja, anaona paka, anaona kila kitu kabla hakijaanuliwa. Ningekuwa na mmoja wakati ule, nisingemenya muhogo wote ule.

Nikasimama nivae shati nikamwambie Bi Raya. Saada akanivuta mkono.

"Umwambie nini? Kwamba nilikwenda kumpeleleza? Mie nimepewa dagaa kama mgeni. Na hao wakwe wakisikia kaanika samaki juu ya taa, watamcheka mpaka Maryam apate wajukuu. Msitiri mwenzako, Faki."

Alikuwa na haki. Kesho yake nikaenda na nguzo ya chuma ndefu kupita mtu aliyesimama kitini. Nikapiga hodi nikasubiri mpaka miguu imalize shughuli zake.

"Bi Raya, nimeshajua. Paneli inataka upepo. Ikiwa chini inakosa pumzi."

"Upepo?"

"Upepo, Bi Raya."

Nikaipandisha juu kabisa, nikaiinamisha kidogo upande wa kaskazini ili mvua iwe inaiosha. Na nyinyi fanyeni hivyo hivyo: iwe juu, iwe na mwinamo, isifanane na meza. Bi Raya aliitazama ikipanda kwa majonzi makubwa, kama anayemsindikiza mtu bandarini. Kisha nikaingiza kitu nilichokiacha nje: fremu ya mbao, juu wavu, chini yake bati nililolipaka rangi nyeusi, na miguu minne kimo cha kiuno.

"Na hii ya nini?"

"Zawadi ya harusi."

Akaniangalia. Akaiangalia ile fremu. Akaniangalia tena, muda mrefu zaidi.

"Fundi, watu hutoa sahani."

"Mimi sahani sina, Bi Raya."

Aliniletea maji ya kunywa, na safari hii nikayanywa.

Taa ziliwaka siku ya shughuli, na kesho yake, na kila siku baada ya hapo. Sisi wanaume tulikaa njiani juu ya mikeka. Nilichokiona ni mwanga juu ya ukuta, nilichokisikia ni vigelegele, na nilifurahi kama mtu aliyepona homa.

Ila jina halikurudi. Watu hawakusema Faki katengeneza. Walisema Faki kakiondoa kitu chake alipokwisha kumchezea mjane wa watu. Nami ningejibu nini? Jibu lilikuwa la Bi Raya, si langu. Miezi ikapita bila ya mtu kuniita. Nikaanza kutengeneza pasi na redio pale dukani kwa shemeji, kazi niliyoiacha nikiwa kijana, na watu niliowafundisha wananipita na paneli vichwani wananipungia mkono. Iliniuma, sikufichi. Siku moja Saada alirudi mferejini macho mekundu akasema kesho ataueleza ukweli wote mbele ya ndoo zao. Nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha kumsitiri. Akakaa chini akalia, na mimi nikammenyea muhogo bila ya kuambiwa.

Sasa asubuhi moja niko sokoni hapa Konde, nanunua ndizi. Kijana mmoja mchukuzi wa samaki kutoka Tumbe akanipita na baiskeli yake, akanyanyua sauti watu wasikie.

"Fundi Faki! Njoo ukae kwangu siku mbili, labda na taa yangu itawaka!"

Soko likacheka. Nikainamia ndizi zangu. Ndipo nikasikia ile sauti inayofika Konde bila ya simu, na safari hii ilikuwa Konde kwenyewe. Bi Raya alikuwa amekaa nyuma ya tenga lake la dagaa. Akasimama.

"Nyamaza weye! Taa za Faki hazina ila yoyote. Mie ndie niloanika dagaa juu ya kioo chake, wiki tatu nzima, na kila akipiga hodi nawakumba nawaficha. Na ile miba yake niliitoa mwenyewe, yanichoma mikono. Akaja akajua. Akanyamaza kimya. Kaniundia chanja, akaniambia zawadi ya harusi. Mwatukana mtu alonisitiri! Haya, chekeni sasa. Nichekeni mie."

Nikanyanyua kichwa, nikamwona mama mkwe wa Maryam, meza ya tatu kutoka pale, ana viazi mkononi, kasikia kila neno. Bi Raya naye alikuwa amemwona kabla ya kusimama. Alikuwa akimtazama yeye muda wote aliposema.

Soko likacheka kicheko kikubwa ambacho sijakisikia tena, na Bi Raya akacheka nao, mkono kiunoni. Yule kijana wa baiskeli alitafuta njia ya kutokea akaikosa. Mimi nilijifanya natafuta kitu mfukoni, maana macho yalikuwa yameniharibikia. Sijapata kuheshimiwa vile na mtu yeyote, na nimewahi kufunga taa nyumba za wakubwa.

Siku ile ile kabla ya adhuhuri watu watatu walinijia dukani. Wawili walitaka taa za uani, nikaandika majina yao. Wa tatu alikuwa mama mkwe wa Maryam. Alingoja wenzake waondoke, akavuta mtandio mpaka puani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumletea ile paneli kwake, ilale kimo cha kiuno, mahali penye jua.

"Na taa ngapi, bibi?" nikamuuliza.

"Taa si lazima," akasema.